Wewe Kula Kwanza

Jumatatu, 8 Aprili
Daktari Emily anataka Njenga aandike kila anachokula na saa tumbo linapoanza kuuma. Njenga kanisukumia mimi. Kasema mikono yake ni ya kuchomelea vyuma, kalamu haiwezi. Basi nimenunua daftari dukani kwa Pamela, jirani yetu hapa mtaa wa Barani, Malindi, na mwandishi ni mimi, Kahonzi, mkewe, mwaka wa pili sasa.

Maumivu yalianza Januari. Amepita kliniki tatu za mitaani, na kila moja imempa karatasi: taifodi, amiba, taifodi tena. Daktari Emily alizitandaza mezani akazisoma.

"Kipimo hiki cha taifodi kinaweza kuonyesha ugonjwa uliougua zamani, au usiokuwepo kabisa," alisema. "Umemeza dawa nyingi kwa kitu ambacho sidhani unacho. Tupime choo kwanza. Majibu yakitoka, nileteeni. Msiyatafsiri wenyewe. Huenda tukaingiza na kamera tumboni."

Akamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Njenga akasema hakuna. Kisha naye akauliza, "Kuna kipimo cha sumu?"

Daktari alidhani anasema moshi wa karakana. Mimi pia nilidhani hivyo.

Jumanne, 9 Aprili
Chai ya maziwa, mkate. Maumivu kabla ya saa nne. Mchana ugali na mchicha, maumivu makali. Usiku hakutaka kitu.

Alhamisi, 11 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Wali na kunde. Alijikunja kama mtu aliyepigwa teke.

Jumapili, 14 Aprili
Wifi yangu Nyokabi alikuja baada ya kanisa. Anauza mitumba sokoni, na ndiye aliyemleta Njenga Malindi kutoka bara. Anampenda ndugu yake, hilo siwezi kulikana. Hakosi kumletea kitu mfukoni.

Wao wawili huongea Kikuyu. Leo nilipokuwa nikiosha vyombo uani, Nyokabi aligeukia Kiswahili, kwa sauti ya kunifikia.

"Nilikwambia kabla hujaoa. Wanawake wa huku wana mambo yao. Kabla ya huyu, tumbo lako liliwahi kuuma?"

Njenga hakumjibu. Laiti angemjibu.

Jumatano, 17 Aprili
Majibu ya choo yametoka. Yule wa maabara alimwambia, "Ni positive, kamwone daktari." Njenga hakwenda kwa daktari. Alikwenda sokoni kwa dada yake.

Aliporudi alisimama mlangoni, maji ya mvua yakimchuruzika.

"Kuna kitu tumboni mwangu. Kimeonekana."

"Kitu gani?"

"Wewe ndiye uniambie. Kiliingiaje?"

Nikamwambia twende kwa Daktari Emily sasa hivi, yeye ndiye anayejua neno lile lina maana gani. Akasema Emily ni mtu wa Kilifi, wa kwetu, atanifichia. Nilicheka. Sikucheka kwa dharau, ilikuwa ajabu tu. Akanipiga kofi.

Hajawahi kunipiga. Nimeketi hapa nikitazama neno hilo, hajawahi, na limekwisha kuwa la uongo.

Ijumaa, 19 Aprili
Nilimwekea samaki wa kupaka. Akanisogezea sahani. "Wewe kula kwanza."

Nikala. Akasubiri, macho kwenye koo langu. Kisha akala. Maumivu baada ya nusu saa.

Jumamosi, 20 Aprili
Nimekula kwanza. Maumivu.

Jumapili, 21 Aprili
Nimekula kwanza. Maumivu. Nyokabi anasema kuna dawa huwekwa kwa jina la mtu, mwingine akila haimdhuru.

Jumanne, 23 Aprili
Nilikwenda peke yangu kwa Daktari Emily. Yuko Mombasa hadi wiki ijayo. Mwanamke wa mapokezi alisema hawezi kunieleza majibu ya mtu mwingine. Nikamwachia nambari yangu.

Njenga alijua nilikokwenda. Amenimwagia uji. Haukuwa wa moto sana. Shingo tu.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimekula kwanza. Choo chake ni cheusi kama lami, amenionyesha kana kwamba ni kazi ya mikono yangu. Nimemwomba kwa magoti aende hospitali. Alinivuta nywele nikasimama.

Jumamosi, 27 Aprili
Kuku wangu wote wamekufa. Kideri kimepita mtaa mzima, hata wa Pamela wamekwisha. Lakini wangu walikuwa wamekula makombo ya Njenga. Alisimama juu ya mizoga, mvua ikimpiga, akaitazama mmoja mmoja. Kisha akanitazama.

Jumatatu, 29 Aprili
Niko kwetu Jilore. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika.

Alhamisi, 2 Mei
Mama anasema nisiandike, nipumzike. Lakini kila nikifumba macho naliona lile pipa, heri nilitoe.

Ilikuwa Jumapili mchana. Njenga alirudi na dada yake. Nyokabi bado alikuwa na kitambaa cha kanisani kichwani. Aliingia, akafunga mlango, akauegemea. Redio ya Pamela ilikuwa ikiimba mapambio ng'ambo ya ukuta.

Njenga alikuwa na kipande cha nondo kutoka karakana. Alikishika kama anavyokishika akiwa kazini, bila hasira, na hilo lilinitisha kuliko lolote.

"Umeniwekea nini?"

"Sijakuwekea kitu."

Pigo la kwanza lilikuwa la mgongo. La pili lilinikuta nimeinua mkono kukinga uso, nikasikia mfupa kabla sijasikia maumivu, mlio kama wa muwa. Nikaanguka juu ya meza, chungu cha maharagwe kikamwagika. Akanishika kisogo akanipeleka uani kwenye pipa la maji ya mvua, akanizamisha. Akaniinua.

"Umeniwekea nini?"

Sikuweza kujibu, nilikuwa natafuta pumzi. Akanizamisha tena. Nilimsikia Nyokabi kupitia maji, sauti ikitoka mbali, "Usimuue. Aseme kwanza."

Alikuwa ananitetea, nafikiri. Kwa namna yake.

Mara ya tatu niliona nyota nyekundu, nikajua kwamba ukweli utaniua. Aliponiinua nikasema nimeweka. Nikasema ni dawa, nimepewa na mganga, jina lolote lililonijia. Nilisema niliiweka kwenye chai. Nilisema nilitaka anipende zaidi. Nilisema kila walichotaka kusikia, na Nyokabi akaanza kulia, akaketi chini kwenye matope na nguo zake za kanisani.

"Iondoe," Njenga akasema.

"Siwezi hapa. Ya kuiondoa iko kwetu."

Uongo huo ndio ulionitoa. Alitupa nondo, akafungua mlango, akasema nina siku tatu nirudi na dawa. Pamela alikuwa amesimama nje na majirani. Hakuna aliyeuliza. Pamela alinifunga mkono kwa leso, akanipeleka hospitali nikatiwa plasta, akampigia simu ndugu yangu Pola aje anichukue.

Sasa mtaa wote unajua kwamba nilikiri.

Ijumaa, 3 Mei
Pola amenipeleka polisi. Askari wa kike aliandika maelezo yangu kwa makini. Akauliza kama ni kweli nilikiri. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikamwinulia mkono. Akaandika hilo pia.

Jumatatu, 6 Mei
Sabaki imefurika. Mahindi yote ya kando ya mto yamelala chini ya maji ya rangi ya chai. Baba aliyaangalia, akarudi ndani bila neno.

Jumatano, 8 Mei
Polisi hawajamkamata. Barabara imekatika, wanasema. Mvua.

Alhamisi, 9 Mei
Mvua. Pola ananoa panga. Mama kamuuliza analinoa la nini, akajibu ni la palizi. Palizi gani, shamba liko chini ya maji.

Jumamosi, 11 Mei
Nilimkuta Pola nyuma ya zizi na binamu zetu wawili. Wakanyamaza.

"Pola," nikamwambia, "ukimuua, atakuwa amenishinda mara mbili."

"Sitamuua, dada."

"Basi acha panga nyumbani."

Aliliacha. Nililiona limechomekwa kwenye paa la jiko. Nikadhani nimemaliza.

Jumatatu, 13 Mei
Pola alirudi mchana huu, amevuka maji kwa miguu, shati lake lote mbele lina damu. Mama akaanza kumpapasa akitafuta jeraha.

"Si yangu," alisema.

Alikaa kwenye kinu kilicholala. Nilimletea maji. Nikamshikia kikombe kwa mkono wangu mmoja.

Walimkuta Njenga karakana. Alipowaona alichukua mtungi mdogo wa gesi kuwarushia, binamu mmoja akamdaka miguu. Pola akampiga ngumi ya tumbo.

"Moja tu, dada. Naapa. Moja. Akainama, nikangoja asimame nimwongeze. Damu ikatoka mdomoni. Haikuwa ya jino. Ilitoka kama bomba limepasuka, nyeusi na vipande vipande, ikaniloweka. Akaanguka juu ya vyuma. Wale wengine wakakimbia. Mimi nilimshika kichwa mpaka watu wa karakana wakamtia kwenye gari."

"Yuko hai?"

"Sijui."

Baba alitoka chumbani. Ndiyo mara ya kwanza aseme tangu mafuriko. "Osha shati hilo," alisema. Kisha akabadili mawazo. "Hapana. Liache hivyo. Wakija waone mtu ambaye hakuficha."

Niliyemchukia mwezi mzima, leo nimemwombea asife. Sikumwombea yeye. Nilimwombea Pola. Mungu ajua.

Jumanne, 14 Mei
Daktari Emily alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala.

"Kahonzi, mumeo yuko wodini. Ametiwa damu. Jana tulimwingiza kamera na tumezuia kidonda kilichokuwa kikivuja. Jina lako ndilo aliloandikisha Aprili, mtu wa kujulishwa, na leo ameniruhusu nizungumze nawe. Unaweza kuja?"

Nikamwambia alinivunja mkono.

"Sikujua. Basi usije kwa ajili yake. Njoo ujue ni nini kilichokuwa tumboni. Una haki ya kujua."

Jumatano, 15 Mei
Baba alinivusha mahali pabaya, kisha nikapata bodaboda hadi mjini.

Nyokabi alikuwa kwenye ujia wa wodi. Aliponiona aliinuka. Alinijia moja kwa moja, akanipiga usoni, akanipiga tena, akaushika mkono wenye plasta akauvuta. Nilipiga ukelele, na kwa mkono mzima nikamshika koo. Nilimbana ukutani. Sikujua nina nguvu hizo. Nilikuwa nikisikia mshipa wake ukicheza chini ya kidole changu, na nilitaka ukome. Walinzi wawili walitutenganisha.

Daktari Emily alitoka. Hakutukemea. Alisema, "Nyote wawili, ndani," akafunga mlango, akasimama katikati yetu. Alisema mgonjwa amemruhusu atueleze sote wawili. Akafungua picha kwenye kompyuta.

Nililiona tumbo la mume wangu kwa ndani. Lina rangi ya waridi, linang'aa kwa unyevu, na kando yake pana shimo lenye kingo nyeupe na doa jeusi katikati.

"Hiki ni kidonda," alisema. "Doa hili ni mshipa uliokuwa ukitoa damu. Choo cheusi kama lami, alikuwa nacho?"

"Tangu Aprili," nikasema.

"Hiyo ilikuwa damu. Ilivuja polepole kwa wiki kadhaa. Ngumi huenda iliharakisha. Lakini hata bila ngumi ingetoka, na huenda ingetoka akiwa peke yake usingizini."

Kisha akaleta majibu yale ya choo. Positive. Aliweka kidole juu ya neno.

"Hapa maana yake ni bakteria anayeishi tumboni. Anaitwa H. pylori. Watu wengi wanaye, wengi huambukizwa wakiwa watoto na hawaugui kamwe. Anatibika kwa vidonge vya wiki mbili. Mngeniletea karatasi hii wiki ile, angemeza vidonge akaendelea na kazi yake."

"Kwa hivyo si sumu," Nyokabi alisema.

"Hakuna sumu. Kuna kitu kingine, ingawa. Bakteria huyu peke yake mara nyingi hachimbi shimo la namna hii. Nimemuuliza tena kuhusu dawa. Leo amekubali kwamba kuna vidonge vya mgongo, anavimeza kutwa mara tatu tangu mwaka jana, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Hivyo hula ngozi ya tumbo."

Hata mimi sikuvijua. Nikafikiria ni wapi alivimeza. Karakana, bila shaka.

Nyokabi alifungua mkoba. Alitoa karatasi ya vidonge vyekundu, nusu imetumika, akaiweka mezani.

"Hivi?"

Daktari alivitazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi ndiye ninayemnunulia," Nyokabi akasema. "Alikuwa akilia kwa mgongo. Aliniomba nisimwambie mke wake, asimwone dhaifu." Alirudia mara mbili, "Mimi ndiye ninayemnunulia."

Nilikuwa nimengoja mwezi mzima nimwone mtu huyu ameshindwa. Nilikuwa na maneno tayari. Nilimtazama shingoni, alama za vidole vyangu zilikuwa zikianza kuvimba, na maneno hayakuja.

"Hukujua," Daktari alimwambia. "Duka lilikuuzia bila kuuliza swali."

"Yeye pia hakujua kitu," Nyokabi akasema, akinionyesha kwa kidevu bila kunitazama. "Na tulimzamisha."

Daktari alisema bado kuna vipande vidogo vya nyama ya tumbo vimepelekwa maabara, kuhakikisha kidonda si saratani. Baada ya vidonge kwisha, choo kitapimwa tena, na kamera itarudiwa. "Maumivu kuisha si dalili kwamba bakteria ameisha," alisema. "Mtu asijiambie amepona."

Sikuingia wodini. Nilimwona kupitia kioo, amekuwa mdogo, mdomo wazi, mfuko wa damu ukining'inia juu yake.

Jumatatu, 20 Mei
Wamekuja kumkamata Pola. Alikuwa ameketi nje na shati lile mapajani. Dhamana imetolewa.

Alhamisi, 23 Mei
Njenga naye amekamatwa alipotoka hospitali. Dhamana. Mvua imepungua.

Jumapili, 26 Mei
Tumepanda upya kando ya mto. Mimi natia mbegu kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu, 3 Juni
Daktari Emily kapiga simu, Njenga karuhusu. Si saratani. Nilishukuru nikakata. Kisha nikakaa jikoni, nikalia hata Mama akadhani majibu ni mabaya.

Jumamosi, 15 Juni
Plasta imetolewa. Mkono mwembamba, wa mtu mwingine.

Alhamisi, 20 Juni
Palizi.

Jumapili, 30 Juni
Nyokabi amefika Jilore. Alikuja peke yake, hajui njia, ameulizauliza tangu barabarani. Mama alitaka kumfukuza kwa mchi. Nikamwambia, Mama, mwache aseme.

Hakukaa. Alisema amekwenda sokoni na kanisani akawaambia watu kwamba nilikiri kwa kuzamishwa, na kwamba yeye alikuwepo. Alisema mahakamani atasema vilevile. Nikamuuliza kama Njenga anajua. Akasema, "Atajua."

Alikunywa maji akaondoka. Sijui kama nimemsamehe. Nilimpa maji.

Jumanne, 23 Julai
Leo ilikuwa siku ya majibu ya mwisho. Daktari Emily aliniuliza kama nataka kuwepo. Nilikwenda. Nilitaka kuyasikia kwa masikio yangu. Pola alinisindikiza, akabaki nje ya lango kama mahakama ilivyomwamuru.

Njenga amenona kidogo. Aliketi kiti cha mbali, Nyokabi kati yetu. Daktari alisema kamera ya pili imeonyesha kidonda kimefunga, limebaki kovu. Choo kimepimwa mwezi na zaidi baada ya vidonge, na alikuwa ameacha pia dawa ya kupunguza asidi ili kipimo kisidanganywe. Majibu ni negative.

"Negative ni mbaya?" Njenga akauliza.

"Hapa ni nzuri. Bakteria ameisha. Lakini vidonge vya mgongo usiviguse tena. Mgongo ukiuma, njoo hapa. Ukiona choo cheusi, njoo siku hiyohiyo. Nani nyumbani atamwangalia kwa hilo?"

Wote walinitazama mimi. Hata Daktari, kwa mazoea.

"Dada yake," nikasema.

Nyokabi akasema, "Ni mimi."

Nje, kwenye veranda, Njenga alinifuata.

"Kahonzi. Sasa nimejua si wewe."

Niliendelea kuelekea ngazi.

"Nilikosea. Ugonjwa ulinitia wazimu. Rudi nyumbani. Wakili wangu anasema wewe ukiondoa kesi yako, nami naondoa ya Pola. Tuyamalize. Kaka yako ana maisha mbele."

Alisema kwa upole. Ndiye Njenga niliyeolewa naye, sauti ileile. Na nilitaka, kwa kitambo kidogo, nilitaka kweli.

"Na kipimo kingesema ni sumu?" nikamuuliza.

"Hakikusema."

"Nakuuliza kingesema. Lile pipa lingekuwa halali?"

Alifungua mdomo. Akautazama mkono wangu mwembamba, akatazama chini. Nilimngoja. Nilimpa nafasi ya haki zaidi kuliko aliyonipa yeye. Watu walipita na kadi zao za hospitali, muuguzi akaita jina la mtu mwingine, na bado hakusema.

Nikashuka ngazi.

Pola alikuwa ameegemea ukuta wa nje. Nilimweleza habari ya wakili, yote, kwa kuwa maisha yanayouzwa ni yake.

Alifikiri hadi tukafika barabarani.

"Nilimpiga," akasema. "Nitasema nilimpiga. Hakimu anipe anachonipa. Usinifanye mimi kuwa bei, dada."

"Unaweza kufungwa."

"Najua. Mama nishamwambia."

Kesi ni Jumatatu. Yangu itasikizwa asubuhi, yake baada ya hapo. Tumerudi Jilore jua lingali juu, Pola akanishika mkono tukivuka mahali penye utelezi, ule wa kulia, akaushika kwa nguvu bila kufikiri, na haukuuma.